Mabega ya Yotham

Kikuyu, Dodoma
6 Oktoba 2024

Dada Hilda,

Shikamoo. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Iringa, yule mrefu anayekula kwako akipita. Naandika kwa sababu simu yako inashinda juu ya meza ya mgahawa, na mama naye anashinda hapohapo. Jambo hili sitaki alisikie nusunusu.

Mwalimu Batholomeo, aliyenifundisha historia kidato cha tano na cha sita, amenipatia habari za chuo kimoja cha ng'ambo kinachosomesha vijana wa Afrika shahada ya historia, gharama zote juu yao. Alama zangu zinatosha. Kilichobaki ni maelezo binafsi, kurasa mbili za kueleza mimi ni nani na kwa nini nataka historia na si kitu kingine. Mwisho wa kupeleka ni tarehe 30 Novemba. Mwalimu anasema wenye alama nzuri watakuwa wengi, ila wasomaji wa maelezo haya wanamtafuta mtu aliye nyuma ya alama. Amenishauri niandike kwanza kwa Kiswahili, nikiridhika ndipo tuyageuze kuwa Kiingereza.

Nimeanza hivi:

"Nilizaliwa kando ya bwawa la Mtera. Nilipokuwa na miaka minne, kaka yangu Yotham alikufa maji katika dhoruba ya masika, mtumbwi wa wavuvi ulipopinduka. Mama yangu alivunjika moyo, akaacha biashara ya samaki na kukimbia maji. Mimi nilikua katika nyumba ambayo jina la kaka yangu halikutajwa. Tangu hapo nimetaka kuyajua mambo ambayo maji yameyafunika."

Mwalimu ameyapenda, lakini penye dhoruba ameweka alama ya kuuliza na kuandika pembeni: "Nani alikuambia? Ulimuuliza nani mwingine?" Ndiyo desturi yake, hamwachi mtu na shahidi mmoja. Aliyeniambia ni mama, mara moja tu, nikiwa darasa la tatu. Basi nakuuliza wewe, maana ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mtumbwi ulikuwa wa nani? Walikuwa wangapi? Yotham alikwenda kufanya nini na wavuvi? Mimi sikumbuki hata sura yake.

Mama usimwambie bado.

Mdogo wako,
Nathanaeli

*

Chipogoro
11 Oktoba 2024

Mdogo wangu Natha,

Marahaba. Barua yako niliisoma nyuma ya jiko nikacheka peke yangu kwa furaha, wateja wakaniuliza nimeshinda nini. Ng'ambo! Mungu amwongezee maisha mwalimu huyo.

Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua lakini shamba keshalisafisha, anangoja mvua apande karanga na uwele. Mbingu nyeupe kabisa.

Sasa nikwambie. Maelezo yako ni mazuri, lakini ya Yotham yaache. Kwa nini usiandike habari za babu? Wakati bwawa linajengwa aliambiwa ahame na ng'ombe wake wote, akahama na mlango wa nyumba ameubeba mgongoni kwa sababu aliuchonga mwenyewe. Hiyo ni historia hasa, na mama atakuhadithia mpaka uchoke kuandika. Mambo ya Yotham si ya kusomwa na watu tusiowajua huku wanakunywa chai. Mimi mwenyewe nikilikumbuka jua la siku ile, matope ya ukingoni yamekauka na kupasuka mpaka mguu unaingia, siku hiyo chakula hakipiti.

Mwandike babu. Kondakta nimempa karanga za kuchemsha akuletee, hesabu kama hajazila.

Dada yako,
Hilda

*

Kikuyu, Dodoma
17 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Karanga zimefika, chache lakini zimefika.

Ya babu nimeyapenda na nitayaweka. Ila barua yako nimeisoma mara nyingi, na kuna kitu kinanikera. Mama aliniambia dhoruba, katikati ya masika. Wewe umeniandikia jua, na matope yaliyokauka mpaka yakapasuka. Matope ya Mtera hayapasuki masika. Yanapasuka Oktoba na Novemba, maji yakishapungua.

Hukunijibu pia habari za mtumbwi. Nilikuuliza mambo matatu, hukujibu hata moja.

Sikulaumu. Watu wawili wanaweza kulikumbuka jambo moja kwa namna mbili, tumefundishwa hivyo. Lakini mwezi wa tatu na mwezi wa kumi na moja si namna mbili za kukumbuka. Mmoja wenu amekosea. Niambie ni nani.

Nathanaeli

*

Kikuyu, Dodoma
29 Oktoba 2024

Dada Hilda,

Kondakta ameniapia kwamba barua alikupa mkononi na ukaisoma ukiwa umesimama. Siku kumi na mbili sasa. Nikipiga simu unaniuliza nimekula nini, halafu unasema kuna wateja.

Nitasema lililo moyoni. Wewe ulimaliza kidato cha nne ukabaki nyumbani kwa ajili ya mama. Najua halikuwa jambo dogo. Lakini nikiona unavyolikwepa hili, nawaza kwamba labda hutaki niende. Labda umeona mmoja akibaki basi na mwingine abaki. Kama ni hivyo, sema waziwazi, usinifiche habari za kaka yangu mwenyewe. Yotham hakuwa wako peke yako.

Nathanaeli

*

Chipogoro
2 Novemba 2024

Nathanaeli,

Nimekusoma.

Sikubaki kwa kukosa pa kwenda. Nilibaki kwa sababu nilitaka kubaki, na mgahawa huu ndio uliokununulia daftari ulizojifunzia kuandika barua kama hiyo.

Andika unachotaka kwenye maelezo yako. Nakuomba kimoja tu: futa pale uliposema mama alivunjika moyo akakimbia maji. Mama hakukimbia maji. Ulikuwepo, lakini hukujua ulichokuwa unakiona.

Hilda

*

Kikuyu, Dodoma
9 Novemba 2024

Dada Hilda,

Shikamoo. Kwanza naomba radhi kwa barua ile. Niliandika kwa hasira, nikaituma kabla hasira haijaisha.

Pili, nimemwona Mzee Ambokile. Unamkumbuka, yule Mnyakyusa aliyekuwa na nyavu pale kambini Mtera. Siku hizi ana meza ya samaki sokoni Majengo. Mama mdogo hapa nyumbani alinituma perege, nikasikia mtu anamwita kwa jina hilo, na jina hilo nililisikia kwa mama zamani. Nikamsalimia, nikajitambulisha kuwa mwana wa Anyesi.

Aliacha kisu. Alinitazama kitambo, akafuta mikono kwenye aproni, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama anayepima tikiti. Akauliza hali ya mama, na hali yako. Akasema hakutegemea kuniona mtu mzima. Nikamwambia naandika habari za Yotham kwa ajili ya chuo, nataka kujua juu ya dhoruba. Akaniuliza dhoruba gani. Nikasema ile iliyopindua mtumbwi.

Kisha akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyewabeba kutoka majini. Niliwabeba wote wawili."

Nikamuuliza wawili nani. Hapo akaona amesema jambo ambalo sikuwa nalijua, uso ukambadilika. Akaniwekea samaki zaidi ya niliowaagiza, akakataa kuzungumza tena, akasema nikamuulize mama yangu.

Sijamuuliza mama. Nakuuliza wewe, na sasa siulizi kwa ajili ya chuo. Wawili nani, Hilda?

Nathanaeli

*

Chipogoro
12 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Nimefunga mgahawa mchana ili niandike hii. Kaa chini kabla ya kuisoma.

Hakukuwa na dhoruba wala mtumbwi. Ilikuwa Novemba 2009, kiangazi kimekolea, maji yamerudi nyuma sana na kuacha matope. Juu yamekauka, chini laini kama uji. Mama alikuwa kambini anaanika samaki, mimi nilikuwa shuleni Mtera. Wewe na Yotham mlikuwa nyumbani. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama alikuwa amewakataza kwenda ukingoni.

Mzee Ambokile alikuwa anarudi na mtumbwi wake akasikia mtoto analia. Alikukuta wewe umekaa juu ya maji. Ndivyo alivyodhani, mtoto amekaa juu ya maji. Alipofika karibu akaona umekaa juu ya mabega ya Yotham. Yeye alikuwa amezama, miguu imeshikwa na matope, maji yamempita kichwa kidogo tu, kama kiganja hivi. Mikono yake ilikuwa imekushika vifundo vya miguu. Mzee alipata kazi kuifungua.

Wewe ulikuwa mzima. Ulikuwa unadai uji.

Watu wote kambini walisema ulitangulia kuingia, ukanasa, naye akaingia kukutoa. Ndivyo nijuavyo mimi.

Nilitaka kukuficha mpaka nife. Wewe ulipokuwa unaniuliza habari za mtumbwi nilikuwa nimeshaanza kuutunga, nimempa na mwenyewe jina, kisha mkono ukakataa. Usidhani sitaki uende. Nenda, Natha. Nenda mbali kabisa kama unataka. Ila usiende ukiwa umejibebesha hili.

Dada yako anayekupenda,
Hilda

*

Chipogoro
20 Novemba 2024

Natha,

Simu yako haipatikani. Mama mdogo anasema unatoka asubuhi unarudi jioni, unakula kidogo, husemi. Mwalimu Batholomeo naye amempigia kuuliza kama umesafiri, kwa sababu maelezo hujampelekea na siku zimebaki kumi.

Jana mama aliniona nalia kwenye vitunguu ambavyo nilikuwa sijaanza kuvikata. Akaniuliza. Nimemwambia yote, na Mzee Ambokile, na barua. Nilidhani atanipiga. Alikaa kwenye kigoda akavua kilemba, akakunja, akavaa tena. Akaniuliza, "Alipojua, alisema nini?" Nikasema hajasema kitu tangu hapo.

Leo ameamka kabla yangu, ameomba kalamu.

Hilda

*

Chipogoro
22 Novemba 2024

Mwanangu Nathanaeli,

Hujambo mwanangu. Naandika mwenyewe. Hilda hajaisoma hii. Mkono wangu mzito, na Kiswahili changu unakijua, pale nitakapokosea utanielewa.

Hilda amekuambia alivyosikia. Mimi nakuambia nilivyoona, na nilichoona ni kidogo.

Niliona Ambokile anakuja, mmoja begani, mmoja mikononi. Nikamchukua wa begani kwa sababu ndiye aliyekuwa analia. Hivyo tu. Kabla ya hapo sikuona kitu. Hilda hakuona kitu. Ambokile alikuta imekwisha.

Watu walisema wewe ulitangulia. Nani alikuwepo? Hakuna. Walisema kwa sababu mtu akifa watu wanataka kusema. Yotham alikuwa mkaidi, nisikufiche. Kila mahali alikwenda na wewe mabegani, kisimani, kanisani, kuchunga. Nilikuwa nagomba, nikisema mtoto huyu hatajifunza kutembea. Kule ndani kulikuwa na kijisiwa chenye mayai ya ndege, na watoto wakubwa walikuwa wanakwenda. Labda alikwenda na wewe mabegani, kama kawaida yake, na matope yakamshika njiani. Labda uliingia wewe, akakufuata. Nimefikiri miaka kumi na mitano. Sijui. Nisingependa ukajibebesha jambo ambalo hata mimi mama yenu silijui.

Sasa habari ya kuhama. Hilda anasema umeandika nilivunjika moyo. Moyo ulivunjika, ni kweli, lakini mtu anaweza kuanika samaki na moyo umevunjika, wako wengi. Siku ya tatu baada ya maziko nilikupeleka bombani. Mwanamke mmoja akakutazama, akamwambia mwenzake, huyu ndiye aliyemmeza nduguye. Ukamcheka, ulidhani anakutania. Wiki ile ile nikauza chanja zangu za kuanikia samaki, nikawaleta huku ambako hatujulikani. Hadithi ya mtumbwi nimeitunga mimi. Nilitafuta kifo ambacho wewe humo.

Miaka ya kwanza niliogopa utakumbuka. Kila ukiota ndoto nilikuja kusikiliza unachosema. Baadaye nikaona hukumbuki, nikaanza kuogopa utauliza. Jina lake sikulitaja kwa sababu ningelitaja ungeuliza.

Ukiniuliza nani anajua siku ile, ni wewe peke yako, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwepo. Na ulikuwa mdogo, nashukuru.

Chuo, sina la kukushauri. Ukitaka kuandika andika, mimi sioni haya tena. Usiandike tu kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Kula chakula.

Mama yako,
Anyesi

*

Kikuyu, Dodoma
18 Februari 2025

Mama,

Shikamoo mama. Najua Hilda anakupa habari zangu kila nikimpigia simu, na kwamba umeniombea. Barua yako ninayo tangu Novemba, na tangu hapo nimeanza majibu nikayachana. Naomba unisamehe kwa kukuweka muda mrefu hivi.

Zile wiki mbili baada ya barua ya Hilda nilikuwa nazurura. Nilikwenda mpaka Majengo nikasimama mbali na meza ya Mzee Ambokile, nikarudi bila kumsalimia. Siku ya pili nikaenda tena, akaniona, akaniita. Hatukuongea juu ya Mtera. Alinipa kigoda, nikamsaidia kupara magamba mpaka jioni. Nikauliza swali moja tu, kama aliniona naingia majini. Akasema, "Sikuona. Na wanaosema waliona, waulize walikuwa wapi nilipokuwa naita msaada." Ushuhuda wake na wako unalingana.

Nimejaribu sana kukumbuka. Wakati mwingine napata maji ya rangi ya chai, na nywele fupi chini ya mikono yangu. Nimemwambia Mwalimu Batholomeo. Akaniuliza picha hiyo niliipata lini, kabla ya barua ya Hilda au baada. Ni baada. Kwa hiyo siwezi kuihesabu kuwa kumbukumbu.

Maelezo niliyapeleka siku ya mwisho. Ya babu na mlango wake nimeyaweka. Dhoruba nimeitoa, na yale ya kuvunjika moyo nimeyafuta. Badala yake nimeandika kwamba mama yangu aliacha kazi aliyoijua ili mwanawe asiitwe jina baya, na kwamba kwa miaka mingi nilikutazama na sikuelewa. Kisha nikaandika kwamba kaka yangu Yotham alikufa bwawani Novemba 2009, kwamba nilikuwa mabegani mwake, na kwamba jinsi tulivyofika pale sijui. Mwalimu alisema si vizuri mwombaji wa chuo kumalizia na neno sijui. Tulibishana kidogo. Nikaliacha.

Januari waliniita kwa mahojiano, kwenye kompyuta ya ofisini kwa mwalimu. Mama mmoja wa makamo, profesa, akaniuliza hapohapo kwenye neno hilo. Akasema nilikuwa na nafasi nzuri ya kueleza kaka aliyejitoa kwa ajili ya mdogo wake, kila msomaji angeguswa, na hakuna mtu duniani ambaye angenipinga. Kwa nini sikufanya hivyo?

Nikamjibu, "Ni kwa sababu hiyo, hakuna ambaye angenipinga."

Aliandika tu. Nikatoka nikijua nimeharibu.

Jana jibu limekuja, mama. Wamenichukua. Naondoka Septemba, miaka mitatu. Hilda atakuwa ameshapiga kelele hapo barabarani kabla hujamaliza kusoma hii, kwa hiyo nadhani unajua.

Nilidhani siku hii nitaruka. Nilikaa kitandani nikawaza kwamba nakwenda kusomea habari za watu waliokufa zamani, na wa kwetu sijui alikuwa na sauti gani. Sijui kama alikuwa mrefu. Nimejua kwamba alikuwa mkaidi na alinibeba kila mahali, na hayo nimeyapata kwenye barua yako, mistari mitatu. Nimeirudia mistari hiyo kuliko yote.

Siku ile sitakuuliza tena. Uliyoyaona umeniambia, na mimi niliyeyaona siwezi kusema. Lakini kabla ya siku ile kulikuwa na miaka kumi na miwili, na hiyo uliiona yote.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nitakaa mpaka utakapochoka na mimi. Mwambie Hilda asifungue mgahawa siku hiyo, na yeye namhitaji, maana yako mambo ambayo kaka humwambia dada na mama hajui. Nitaanzia popote utakapoanzia wewe. Ukitaka, anza na alivyokuwa anacheka.

Mwanao,
Nathanaeli